Rundo la marudio aliloacha baba: tuuze, tuchenjue au tulifukie?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tuko Misungwi. Baba alikuwa na mwalo wa kuchenjulia dhahabu tangu miaka ya 1990 hadi alipofariki. Makarasha (mashine za kusagia mawe) tumeshauza, limebaki rundo la marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa: urefu hatua 60, upana hatua 30, na katikati limenizidi kimo kidogo. Chini yake kuna majaruba ya mpunga ya jirani, halafu kijito kinachoelekea ziwani. Amekuja mtu anataka kulinunua kwa shilingi 50,000 kwa lori akalichenjue kwenye vati zake, yale matangi ya kuchenjulia kwa sayanaidi. Kaka zangu wanataka tuuze. Mama anataka eneo lirudi kuwa shamba. Mimi najiuliza kama tunaweza kuchenjua wenyewe. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Nimelisoma swali lako mara tatu, kwa sababu ndani yake kuna maswali ya watu watatu wa nyumba moja, na kila mmoja ana hoja. Nianze na lililo la haraka. Msiuze lori hata moja kabla rundo halijapimwa, na asiwepo mtu wa kuumwagia mchanga huo sayanaidi, ile kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu, kabla zebaki haijatolewa, awe huyo mnunuzi au ninyi wenyewe. Kaka zako wavumilie wiki chache. Rundo limekaa hapo miaka yote, halina pa kwenda. Linaloweza kulihamisha ni mvua, na hilo nitalirudia.

Kwanza uelewe kilichomo. Mzee alifanya kazi kama walivyofanya wengi Kanda ya Ziwa: jiwe linatoka kwenye duara (shimo la mgodi), linavunjwa, linasagwa kwenye karasha, unga unapitishwa na maji juu ya mbao zilizotandikwa magunia, kilichonasa kinaoshwa kwenye karai, kinafinyangwa na zebaki, kisha kinachomwa. Njia hiyo inakamata dhahabu ambayo zebaki inaweza kuigusa, yaani punje zilizo huru na zenye ukubwa wa kutosha. Dhahabu iliyofungwa ndani ya chembe za jiwe, au iliyo laini mno ikaelea na maji, inapita. Mara nyingi zebaki huambulia theluthi tu ya dhahabu iliyokuwemo kwenye jiwe. Ndiyo maana mchanga huu ukaitwa marudio. Waliouita hivyo walijua kuna siku utarudiwa.

Nikifika kwenye rundo la namna hii huwa sianzi na mashine. Naomba bomba la chuma la inchi mbili lililonolewa mdomo, naligongelea wima hadi lisikike limegota kwenye udongo wa asili, nalichomoa, nagonga ubavuni taratibu ili kilichomo kitoke juu ya turubai kama kilivyolala. Hapo unasoma maisha ya mwalo mzima. Juu ni mchanga wa kijivu, mkavu, mwepesi kama jivu. Katikati kuna rangi ya kutu, manjano iliyochanganyika na wekundu, alama kwamba madini ya salfa yamekutana na hewa na mvua. Chini kabisa ni kijivu cha kukaribia bluu, mbichi, mzito mkononi. Chukua konzi mbili za huo wa chini, uoshe kwenye karai bila haraka. Mwishoni unabaki mkia wa mchanga mweusi, na kwenye ncha ya mkia huo, mara nyingi, kunatokea tone la fedha dogo kama jicho la dagaa. Ukiinamisha karai linakimbia. Ukilikuta halikimbii vizuri, limefifia, ujue tayari limemeza dhahabu. Huwa nawaita wenye rundo wote waje walitazame kwa macho yao, maana baada ya hapo mazungumzo yanakuwa mepesi.

Kwa nini chini? Sababu ni mbili. Miaka ya mwanzo makarasha yalikuwa ya kusaga kwa ukubwa, dhahabu nyingi ikapita, na mchanga wa miaka hiyo ndio ulioanza kumwagwa. Pia zebaki ni nzito mara 13.5 kuliko maji, kwa hiyo miaka na mvua zake imekuwa ikishuka taratibu hadi kugota. Dhahabu bora ya baba yako na sumu yake vimelala kitanda kimoja. Mengine yote nitakayokuambia yanatoka hapo: huwezi kuuza kimoja ukamwachia jirani kingine.

Na ndiyo sababu nina wasiwasi na mnunuzi wenu. Kama alichota sampuli kwa koleo juu juu, akakuambia mchanga ni hafifu, anaweza hata asiwe mwongo. Hajafika chini tu. Lakini bei ya juu juu itamfikisha chini bila kuongeza senti. Mkikubali leo, mtakuwa mmeuza mbuzi kwenye gunia.

Kupima si kazi ya kutisha. Chora mistari juu ya rundo kwa kamba, toboa mashimo 20 yaliyotawanyika sawasawa, mengine pembeni na mengine katikati. Kila shimo ligawe sehemu tatu: juu, kati, chini. Kisha unganisha mashimo matano yaliyo jirani, ya juu na ya juu wenzake, ya chini na ya chini wenzake. Utabaki na sampuli 12. Kila moja ichanganye vizuri juu ya turubai, ifanye kama kichuguu, ikate robo nne, chukua robo mbili zinazotazamana, changanya tena, kata tena, hadi ubaki na kilo mbili hivi. Weka mfuko, andika, funga, na robo nyingine hifadhi nyumbani. Kaka zako wafanye kazi hiyo na huyo mnunuzi aalikwe asimamie akitaka. Sampuli iliyochukuliwa mbele ya wote haina ugomvi baadaye. Vaeni glavu na mabuti, msile wala kuvuta sigara hapo, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

Maabara za binafsi zipo hapo Mwanza, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma. Usiombe dhahabu peke yake. Omba kipimo cha dhahabu kwa kuyeyusha kwa moto, zebaki, arseniki, salfa, na kwa sampuli mbili tatu omba kile kipimo cha chupa ya kuzungusha, ambapo mchanga unazungushwa na maji ya sayanaidi kwa siku nzima au zaidi ili kuona dhahabu inayoyeyuka ni kiasi gani. Hiki cha mwisho watu hukiruka kuokoa pesa, na ndicho kinachowafilisi. Rundo linaweza kuwa na gramu 3 kwa tani, lakini kama dhahabu imefungwa ndani ya salfa, vati itakupa chini ya moja.

Sasa hesabu. Mimi huhesabu kwa gramu na kuwaomba watu wafanye hivyo, kwa sababu bei ya dhahabu na ya dizeli hazikai. Hatua 60 kwa 30 ni kama mita 45 kwa 22. Kwa kuwa rundo limeinuka katikati na kulala pembeni, chukua kimo cha wastani mita 1.2. Unapata karibu mita za ujazo 1,200, na mchanga wa aina hii hufika tani moja na nusu kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo mna takriban tani 1,800, safari 100 za tipa la tani 18. Kwa bei ya huyo bwana ni shilingi milioni 5 kwa rundo zima. Gramu moja ya dhahabu, peke yake, ukiipeleka soko la madini inazidi bei ya malori yake mawili.

Tuseme, kwa mfano tu, maabara inakuja na gramu 2 kwa tani. Ndani mna gramu 3,600. Mchanga ambao haukusagwa laini ukitoa asilimia 60 ni gramu 2,160. Tuseme tena kuhamisha mchanga, chokaa, sayanaidi, kaboni (mkaa unaonasa dhahabu iliyoyeyuka), dizeli, maji, walinzi, elusheni (kuitoa dhahabu kwenye kaboni) na mrabaha vikijumlishwa vinakula gramu 0.7 kwa kila tani: hizo ni gramu 1,260. Zimebaki 900. Toa gramu 0.2 kwa tani za kurekebisha eneo, yaani 360, na uzitoe mwanzoni. Zinabaki gramu 540 za familia. Rudia hesabu hiyohiyo kwa gramu 0.8 kwa tani: ndani mna 1,440, unatoa 864, gharama ni zilezile 1,260. Hapo mmepata hasara ya gramu 396 kabla hamjapanda hata jani moja. Namba zenu zitakuwa nyingine, lakini njia ndiyo hii, na inakuonyesha kwamba kati ya utajiri na hasara kuna tofauti ya gramu moja na kidogo tu kwa tani.

Usidanganywe na habari za Johannesburg. Kule wanachenjua upya marundo ya karne iliyopita yenye gramu 0.2 au 0.3 kwa tani na wanapata faida, lakini wanapitisha zaidi ya tani milioni moja kwa mwezi kwa mabomba ya maji. Rundo lenu zima lingeisha kule kwa muda usiofika saa mbili.

Nije kwenye zebaki, maana hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko mahali pengine. Sayanaidi haichagui. Inayeyusha dhahabu, na inayeyusha zebaki vilevile. Tone lile lililokuwa limetulia chini ya rundo, likikutana na sayanaidi, linageuka kitu kinachosafiri na maji. Sehemu inapenya sakafu ya vati kama ina ufa, inafika kijitoni, kisha ziwani. Sehemu inapanda kwenye kaboni na kukalia nafasi ambayo ilikuwa ya dhahabu. Kaboni ikienda kuyeyushiwa, au mbaya zaidi ikichomwa kwenye pipa kama wanavyofanya baadhi, zebaki inatoka kama mvuke usioonekana. Mwalo mmoja nilioitwa miaka iliyopita, nisioutaja, kijana aliyekuwa akichoma kaboni alinikaribisha chai. Alishika kikombe kwa mikono miwili na bado chai ikamwagika kwenye sahani. Alikuwa hajafika umri wa miaka 30. Aliniambia ni uchovu. Sikuweza kunyamaza, nilimweleza ni nini, na tulimpeleka hospitali siku ileile.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017, umetaja vitendo vinne vibaya kabisa katika uchimbaji mdogo vinavyopaswa kukomeshwa, na kimojawapo ni hiki hasa: kutumia sayanaidi kwenye marudio yaliyowekwa zebaki bila kuitoa zebaki kwanza. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Kwa hiyo muulize mnunuzi wenu swali moja tu: zebaki anaitoaje? Akikujibu kwamba marudio hayana zebaki, mpe karai.

Kuitoa kunawezekana kwa kiasi kikubwa. Mchanga unapitishwa upya na maji juu ya mteremko mrefu wenye zulia, polepole kuliko alivyofanya mzee, au kwenye mashine ya kuzungusha inayotenga vizito na vyepesi. Baadhi huongeza bamba za shaba zilizopakwa fedha, ambazo zebaki hushikamana nazo. Kinachonaswa ni kiasi kidogo, ndoo chache kutoka rundo zima, na humo hupatikana dhahabu pia, ile iliyokwishamezwa. Ndoo hizo zichomwe ndani ya ritoti, chombo cha chuma cha kunasia mvuke, iliyofungwa, nje, mbali na nyumba, mvuke upozwe urudi kuwa zebaki. Hiyo zebaki msiirudishe sokoni. Ihifadhiwe kwenye chupa nene ya plastiki, ifunikwe na maji juu, kifuniko kikazwe, na muulizeni NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) au Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, zote zina ofisi Kanda ya Ziwa, wapi pa kuikabidhi. Kuna zebaki iliyosagika na mchanga hadi ikawa vumbi. Hiyo haitoki yote kwa njia hizi. Ndiyo sababu mnapima tena baada ya kuosha. Ikiwa bado ni nyingi, hapo dhahabu iliyobaki inasamehewa, na rundo linafungwa bila sayanaidi. Najua ni vigumu kuwaambia kaka zako hivyo. Mimi nimewaambia watu hivyo, na ningewaambia hata kama ingekuwa gramu 5 kwa tani.

Mfano ninaoupenda uko ng'ambo ya ziwa, Kasese, magharibi mwa Uganda. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji mwaka 1956 na kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukaacha rundo la takriban tani milioni moja za pyrite (madini ya chuma na salfa) yenye metali ya kobalti. Mvua ilipolinyeshea, pyrite ikazaa asidi, asidi ikateremka ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth kuelekea Ziwa George, na mkondo ilipopita majani yakafa. Mwaka 1999 kilianza kiwanda cha kulichenjua kwa bakteria wanaoishi kwa kula chuma na salfa. Bakteria wanaivunja pyrite, kobalti inaachiliwa. Walivyoendelea kuchenjua ndivyo chanzo cha asidi kilivyopungua, mpaka rundo likaisha. Lakini angalia mambo mawili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya kobalti iliporomoka na kiwanda kikasimama kwa muda, rundo likiwa bado lipo. Ndiyo maana nasema pesa ya kurekebisha eneo itengwe mwanzoni, isisubiri faida. Na marudio mengine ya mgodi uleule, yaliyokuwa kando ya mto Nyamwamba huko juu, hayakuguswa. Mafuriko ya 2013 na ya 2020 yakaja. Mto haukuuliza mwenye rundo ni nani.

Mpunga wa jirani yako umenikosesha usingizi kidogo. Zebaki ya kawaida kwenye mchanga mkavu ina hatari yake, lakini ikiingia kwenye tope lililofunikwa na maji, bila hewa, bakteria wa humo huigeuza kuwa zebaki ya methili, na hiyo ndiyo inayopanda kwenye samaki na kwenye mwili wa mtu. Jaruba la mpunga ni tope la namna hiyohiyo kwa miezi kadhaa ya mwaka, na mpunga unaweza kuinyonya hadi kwenye punje. Arseniki nayo mpunga huinyonya kuliko nafaka nyingine. Sisemi mpunga wa jirani umeshaharibika. Nasema mpeleke maabara sampuli za tope la majaruba mawili yaliyo karibu na rundo, moja la mbali, na kilo ya mpunga wake. Na mumwambie yeye mwenyewe, mapema, kwa heshima, mama yako akiwepo. Kama kuna mjamzito nyumbani kwake, asingoje majibu kuacha mpunga wa jaruba la karibu; zebaki humdhuru zaidi mtoto aliye tumboni.

Ziwa letu nalo si la kulitegemea kusafisha. Maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Nile, kule Jinja, na mengi zaidi hupotea kwa mvuke. Mvuke haubebi arseniki. Kinachoingia na tope kinakaa na sisi, na Mwanza tunakunywa maji yaliyovutwa Capripoint na Butimba.

Sasa, mchenjue wenyewe? Kwa maoni yangu, hapana. Kujenga vati zenye sakafu imara, bwawa lenye plastiki nzito chini, wigo wa kuzuia ng'ombe na mbuzi, na mtu anayejua kemia yake, kwa rundo moja la tani 1,800, ni kama kununua mtumbwi wenye injini kwa ajili ya kuvuka mara moja. Sayanaidi inahitaji chokaa wakati wote. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, isishuke chini ya 10.5, kwa sababu ikifika 9.2 nusu yake tayari ni gesi inayoua. Maji yaliyo wazi, ambako ndege na mifugo wanaweza kunywa, yasizidi miligramu 50 za sayanaidi kwa lita kwa kanuni za kimataifa, na yapimwe. Mimi ningebaki na kazi mbili mikononi mwa familia: kupima, na kusimamia kutolewa kwa zebaki. Uchenjuaji wenyewe nipeleke kwa mwenye mtambo wenye leseni, kwa mkataba wa kugawana dhahabu badala ya bei ya lori. Anaweza hata kuwa huyohuyo aliyekuja, akikubali.

Kabla ya kukubaliana naye, nenda kwake. Usitazame ofisi, tazama bwawa. Uliza chini kuna nini, tembea juu ya ukuta wake, angalia kama unavuja au umeota nyufa. Septemba 2022 kule Jagersfontein, Afrika Kusini, mahali walipokuwa wakichenjua upya mabaki ya mgodi wa zamani wa almasi, bwawa la matope lilipasuka, likasomba nyumba na kuua. Novemba mwaka huohuo ukuta wa bwawa la mgodi wa Mwadui, hapo Kishapu tu, nao ukapasuka na matope yakafunika mashamba. Hao walikuwa wakubwa wenye wahandisi.

Mkataba uandike kwamba achukue mchanga wote hadi udongo wa asili, pamoja na sentimita 20 za udongo huo, bila kuchagua wa chini na kuwaachia wa juu. Mchanga ukishachenjuliwa ubaki kwake, kwenye eneo lililoandaliwa, usirudi kwenu hata tipa moja. Na fungu la kurekebisha eneo liwekwe benki kabla lori la kwanza halijatoka. Migodi mikubwa sheria inaitaka iweke dhamana ya namna hiyo. Kwenu iwe sharti la familia. Na msimpe mtu mchanga wa marudio wa kupigia lipu wala kufyatulia tofali. Nimeuona kwenye kuta za vyumba wanamolala watoto, na kila mara mwenye nyumba hakuambiwa.

Upande wa sheria kuna jambo ambalo kaka zako huenda hawalijui. Ardhi inaweza kuwa yenu, lakini madini ni mali ya Jamhuri, hata yaliyo kwenye marudio. Huwezi kuyauza kama viazi. Msimamizi wa mirathi aende na makaratasi ya mzee kwa Afisa Madini Mkazi, aulize kama leseni yake ndogo, ambayo hutolewa kwa miaka saba, bado iko hai na inahamishwaje. Mnunuzi aonyeshe leseni yake ya uchenjuaji na usajili wake wa kemikali kwa Mkemia Mkuu. Na kwa kuwa kuna kijito, pimeni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto au ziwa, kwa hiyo hakuna vati wala bwawa la kuwekwa hapo.

Mwambie mama shamba lake linawezekana, ila si msimu ujao. Rundo likiondoka, udongo wa chini upimwe tena. Ukiwa mchachu, chokaa. Udongo wenu huko juu nadhani ni luseni, mchanga mwepesi usioshika kitu. Uchanganywe na udongo mzito wa mbuga na samadi ya ng'ombe nyingi, ambayo Usukumani haikosekani. Nyasi za vetiva zipandwe kwa mistari inayokata mteremko, mizizi yake inakwenda chini sana na kushika udongo. Kisha eneo lifungwe kama ngitili. Wazee wetu walijua kufunga malisho yakapumua, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza 1986 ulitumia ujuzi huohuo kurudisha zaidi ya hekta 300,000 zilizokuwa zimekauka. Mifugo isiingie kwa misimu miwili ya mvua. Migunga na miti ya kuni na mbao ianze. Mahindi, mihogo na viazi visubiri hadi majibu ya udongo yawe masafi mara mbili mfululizo. Mpunga usilimwe hapo kabisa.

Na kama vipimo vitasema rundo halilipi? Basi lisogezwe mbali na kijito, juu ya kitanda cha udongo wa mbuga ulioshindiliwa, lisukumwe liwe na mgongo wa kumwaga maji, lifunikwe kwa udongo huohuo nusu mita au zaidi, na vetiva juu. Litagharimu, na halitarudisha kitu mfukoni. Halmashauri na NEMC waombwe ushauri mapema, maana rundo liko juu ya maji ya watu wengi.

Yote hayo yatachukua miezi. Kazi ya wiki hii ni ya jembe. Kabla vuli haijaanza, chimbeni mfereji wa kina cha goti upande wa juu wa rundo, uyapindishe maji ya mvua yapite pembeni yasilipitie. Upande wa chini, kati ya rundo na majaruba, inueni tuta la udongo wa mfinyanzi la kimo cha kiuno, mlishindilie vizuri, ili mchanga utakaoteremka uishie hapo. Zungushieni miba watoto wasicheze juu yake. Kisha nitumie majibu ya zile sampuli 12 pamoja na ya majaruba, na pH ya kijito kilipo juu ya rundo na kilipo chini yake. Mkataba msiutie saini kabla sijauona.